Spika za AR-3a Baada ya Nusu Karne: Kununua, Kufungua na Kusikiliza

Spika ninazozipima hapa ni AR-3a, zilizotengenezwa na kampuni ya Acoustic Research ya Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, kuanzia mwaka 1967 hadi katikati ya miaka ya 1970. Nilizinunua mtumba kwa muuzaji ambaye hadi leo sijamwona uso, baada ya kutumiwa picha sita, na kati ya hizo sita, tano zilikuwa za mbao. Maelezo yake yalikuwa mafupi: zimejaribiwa, zinapiga, hazina tatizo. Miezi minne baadaye, baada ya kuzifungua, kuzisafisha, kuzilehemu upya na kuzisikiliza kwa utulivu, ninaweza kuthibitisha kwamba mbao zilikuwa nzuri kweli, na kwamba katika yale maelezo matatu ni la kati tu lililokuwa na chembe ya ukweli.

Husemwa ng'ombe hazeeki maini. Spika huwa kinyume chake: ngozi hubaki iking'aa, na maini ndiyo yanayotangulia kwenda. Mnunuzi mgeni hutazama kwanza veneya ya mjozi, kisha huulizia habari ya sponji inayozunguka koni ya besi, na akiambiwa kwamba imebadilishwa, moyo wake hutulia akatoa fedha. Nami nilifanya vivyo hivyo. Ningependa anayefikiria kununua spika yoyote ya daraja la juu iliyopita umri wa miaka arobaini alijue jambo moja mapema, kwamba sponji iliyooza ndiyo kasoro nyepesi kuliko zote, ilhali thamani halisi ya jozi hukaa kwenye zile yuniti ndogo ambazo hakuna anayezitengeneza tena kama zilivyokuwa. Kwa AR-3a, yuniti hizo ni kuba mbili katika kila spika, yaani yuniti ndogo zenye uso uliochomoza kama kuba, moja ya sauti za kati yenye kipenyo cha inchi moja na nusu, na nyingine ya sauti za juu, yaani twita, yenye robo tatu ya inchi. Kuba zikiwa nzima, kilichobaki chote kinatengenezeka mezani kwako. Zikiwa zimeungua, umenunua makabati mawili mazito.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ajitwike shida hiyo ilhali spika mpya zimejaa madukani. Jibu liko kwenye besi, na kulielewa kunahitaji kurudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 1954, aliyetaka besi ya kina nyumbani alihitaji kasha lenye ukubwa wa kabati la nguo, kwa kuwa koni ya enzi hizo ilishikiliwa na ukingo mgumu uliofanya kazi ya springi, na springi hiyo haikuwa na uwiano mzuri: koni ilipotakiwa kwenda mbali, ilianza kukaidi, na sauti ikapotoka. Edgar Villchur, aliyekuwa akifundisha somo la urejeshaji wa sauti katika Chuo Kikuu cha New York, aliligeuza jambo hilo juu chini. Aliilegeza koni hadi ikawa karibu haina nguvu ya kujirudisha yenyewe, kisha akaifungia ndani ya kasha dogo lisilovuja hewa, ili hewa iliyofungiwa humo ndiyo iwe springi. Hewa hubanwa na kutanuka kwa uwiano ulio bora kuliko wa kitambaa au karatasi iliyokunjwa, na kwa hiyo kasha dogo likatoa besi ya chini yenye upotofu mdogo kuliko makasha makubwa ya wakati huo.

Villchur alianzisha Acoustic Research mwaka 1954 pamoja na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake. Kloss aliondoka mwaka 1957 na kushiriki kuanzisha KLH, kampuni nyingine ya spika. Mwaka 1958 Villchur alitoa AR-3, ambayo ilitumia kuba kwa sauti za kati na za juu, na AR-3a ikafuata mwaka 1967 ikiwa na kuba ndogo zaidi zinazotawanya sauti kwa upana zaidi; mwaka huohuo kampuni ikauzwa kwa Teledyne. AR-3 imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, habari ambayo wauzaji huitaja kana kwamba ndiyo hiyo wanayokuuzia.

Kila kasha lina urefu wa takribani sentimita 63, upana wa 36 na kina cha 29, na uzito wa kilo 24 hivi. Vipeperushi vya enzi hizo viliziita spika za rafu ya vitabu. Sijui ni vitabu gani vilivyokuwa vikiwekwa kwenye rafu hizo, lakini mtu wa kawaida hawezi kuliinua kasha moja hadi usawa wa kifua bila kusaidiwa, na aliye na rafu nyembamba asijaribu.

Zilipofika, kabla hata ya kuziunganisha na amplifaya, niliondoa vitambaa vya mbele na kuanza na jaribio ambalo halihitaji kifaa chochote. Unaweka ncha za vidole vya mikono yote miwili karibu na katikati ya koni ya besi, unaisukuma ndani polepole kwa milimita chache, unaishikilia kidogo, kisha unaiachia. Kasha likiwa limezibwa vizuri, koni hairudi haraka. Hupanda taratibu, kama mtu anayevuta pumzi, kwa sababu hewa iliyojipenyeza nje kwa shida nayo hurudi kwa shida. Kasha likivuja, koni huruka na kurudi mara moja. Koni ya kulia haikuwahi kufika kwenye jaribio lenyewe. Kidole changu cha gumba kiligusa ukingo kwa bahati mbaya, nao ukamomonyoka kama andazi la juzi, ukaacha vumbi la kahawia kwenye fremu na ute unaonata kidoleni. Sponji ilikuwa ya asili, ambayo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa polepole hata kama spika haijawahi kupigwa. Koni ya kushoto nayo ilirudi kwa ghafla na kwa nguvu iliyonishangaza, ingawa ukingo wake ulikuwa mpya na mzuri wa kutazama.

Ukingo huo mpya ndio uliokuwa tatizo kubwa zaidi. Fundi fulani wa zamani, nami namsamehe kwa kuwa labda hakuwa na kingine mkononi, alikuwa ameondoa sponji ya kushoto na kubandika raba nene ya spika ya aina tofauti kabisa, kazi safi, gundi haikuchuruzika popote. Katika spika nyingi kosa hilo lingesameheka, lakini hapa linaua wazo zima la Villchur. Ikiwa hewa ndiyo springi, ukingo hauna kazi nyingine zaidi ya kuziba hewa isipite na kuiweka koni katikati. Ukiufanya mgumu, umeirudisha springi ya kizamani mlangoni baada ya kuifukuza dirishani. Nilipoitoa yuniti hiyo ndani ya kasha na kuipima ikiwa huru, mwangwi wake wa asili, yaani kasi ambayo koni hupenda kutikisika yenyewe, ulikuwa kwenye hezi 36 (mitikisiko 36 kwa sekunde), wakati unaotarajiwa kwa yuniti hiyo huwa karibu na hezi 20. Kwa sikio, hali hiyo huonekana kama besi nyingi. Noti za juujuu za besi zinavimba, mtu anafurahi kwamba spika yake ya zamani inapiga kwa nguvu, na zile za chini kabisa hazipo. Muuzaji aliyeniambia kwamba zinapiga hakudanganya.

Kuhusu kuba, muuzaji alikuwa amenitumia picha ya multimita iliyosoma omu tatu na ushei kwenye vituo vya nyuma vya kila spika, nami nikaridhika, maana spika yenye ukinzani wa kawaida wa omu 4 husoma hivyo kwa umeme wa moja kwa moja. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba yuniti za sauti za kati na za juu hukaa nyuma ya kapasita, na kapasita haipitishi umeme wa moja kwa moja. Kwa hiyo picha ile ilithibitisha uhai wa besi tu. Twita ingeweza kuwa imekufa miaka ishirini iliyopita na multimita isingejua lolote. Anayenunua kwa mbali aombe kitu kingine: video ya spika moja moja ikipiga huku muuzaji ameifunika besi kwa mto na kusogeza simu karibu na kila kuba kwa zamu. Anayenunua ana kwa ana aviringe karatasi iwe kama bomba, aweke upande mmoja sikioni na mwingine mbele ya kuba, na hapo atasikia bila ubishi kama kuna sauti inayotoka au ni ya jirani yake. Mbinu hiyo ni ya kijima, lakini imeniepusha na jozi nyingine mbili tangu wakati huo.

Kwangu mimi, bomba la karatasi lilileta habari za mchanganyiko. Kuba za kati zote mbili zilikuwa hai. Twita ya kushoto ilikuwa hai. Twita ya kulia ilinong'ona, kimya kiasi kwamba kwa dakika kadhaa niliamini imekufa, na nikaanza kumwandikia muuzaji ujumbe ambao nashukuru sikuutuma.

Sababu ya kwanza ya mnong'ono huo ilikuwa nyuma ya kasha, kwenye vitufe viwili vya kurekebisha kiwango cha sauti za kati na za juu. Ndani ya kila kitufe mna waya wa ukinzani uliozungushwa na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake, na mahali vinapogusana ndipo kutu hujenga nyumba. Ni ugonjwa unaojulikana sana kwa spika hizi: ukizungusha kitufe unasikia mikwaruzo, kisha ghafla sauti za juu zinafunguka kana kwamba mtu ameondoa blanketi, kisha ukisogeza kidogo tu zinapotea tena. Watu wengi hutupa yuniti nzima wakidhani imeungua, kumbe tatizo ni kutu ya unene wa unyoya. Nilivitoa vitufe vyote vinne, nikavifungua, nikavilowesha kwenye siki kwa muda mfupi, nikavisugua kwa brashi ya meno hadi shaba ikarudi rangi yake, nikavisuuza, nikavikausha kwa siku nzima, kisha nikapaka safu nyembamba ya grisi isiyopitisha umeme ili unyevu usirudi. Kimoja kilikuwa kimeliwa hadi waya umekatika, nacho nilikibadilisha. Hapo ni pa kuwa mwangalifu, kwa sababu vitufe vya kisasa vinavyouzwa kwa kazi hii huwa na ukinzani tofauti na vya asili, na anayevifunga bila kupiga hesabu hubadilisha mzigo ambao krosova, yaani saketi inayozigawia yuniti sauti zake, inauona, na pamoja nao mahali ambapo yuniti moja hupokezana na nyingine.

Krosova yenyewe ni sahili. Besi hukabidhi kwa kuba ya kati kwenye hezi 575, na kuba ya kati hukabidhi kwa twita kwenye hezi 5,000, kazi ambayo hufanywa na koili chache na kapasita tatu, zenye ukubwa wa maikrofaradi 150, 50 na 6. Kuifikia lazima uitoe yuniti ya besi na kuvuta nje nyuzi za kioo zilizojazwa humo, kazi inayotaka glavu, barakoa na shati la mikono mirefu, la sivyo utajikuna kwa siku mbili. Nyuzi hizo zihifadhiwe zote kwenye mfuko na kurudishwa zote, kwa maana kiasi chake kimepimwa na huathiri namna hewa inavyofanya kazi ya springi. Nimewahi kuona makasha yaliyorudishiwa nusu tu kwa sababu fundi alichoka kuwashwa. Niliondoa ncha moja ya kila kapasita na kuzipima. Ya 150 ilisoma 168, ya 50 ilisoma 57, na ile ya 6 ilisoma 7.3, huku ukinzani wake wa ndani ukiwa umepanda. Nilizibadilisha zote sita kwa spika zote mbili.

Kuna watu watakaouza ng'ombe kununua kapasita za gharama kubwa kwa ajili ya kazi kama hii, wakiamini kwamba kila moja ina ladha yake. Mimi nilitumia za filamu za kawaida kwa zile za maikrofaradi 6, na za elektroliti zisizo na chanya wala hasi kwa zile kubwa, ambazo ndizo aina iliyokusudiwa. Ukiweka kapasita zenye ukinzani mdogo sana wa ndani mahali ambapo mbunifu alitegemea ukinzani fulani, sauti za kati zinaweza kuchomoza mbele kuliko alivyotaka, na ukadhani umeziboresha. Thamani iwe sahihi na mbili za kulia na kushoto zilingane. Hayo mawili yalinitosha.

Kazi ya ukingo ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo niliyoharibu mara moja. Raba ya kushoto niliilainisha kwa spiriti na kuibandua kwa kisu butu, kidogo kidogo, kwa jioni mbili, kwa sababu koni ni karatasi na haisamehi. Upande wa kulia mabaki ya sponji yalikuwa yamegeuka lami, nayo yalitoka kwa spiriti na vitambaa vingi. Kisha nilinunua sponji zilizokatwa mahsusi kwa yuniti hii ya inchi 12, laini kiasi kwamba ukiishika moja kwa vidole viwili inalala kama kitambaa kilicholowa. Nilibandika kwanza ukingo wa ndani kwenye koni kwa gundi nyeupe inayokauka polepole, nikaacha usiku kucha. Kubandika ukingo wa nje kwenye fremu ndiko kunakoamua kila kitu, kwa sababu hapo koili ya sauti, ile inayoisukuma koni, inatakiwa kukaa katikati kabisa ya nafasi yake ndani ya sumaku, na nafasi hiyo ni nyembamba kama kucha.

Njia mbili hutumika. Ya kwanza ni kukata kifuniko cha vumbi cha katikati na kuchomeka vipande vya plastiki kuizunguka koili hadi gundi ikauke. Ya pili ni kuacha kifuniko kilivyo na kupiga mlio wa hezi 30 kwa sauti ndogo wakati gundi ingali mbichi, ukiisogeza koni huku na huku kwa vidole hadi mkwaruzo upotee. Nilichagua ya pili kwa kuwa sikutaka kukata kitu cha asili. Upande wa kulia ulikaa vizuri kwa mara ya kwanza. Wa kushoto nao ulionekana umekaa, nikaenda kulala, na asubuhi nilipoisukuma koni kwa mkono nikasikia sauti ya kukwaruza upande mmoja, kama kucha kwenye sandarusi. Gundi ilikuwa imevuta wakati wa kukauka. Sponji hiyo ikabanduliwa, ikachanika, na kazi ikaanza upya kwa sponji nyingine. Mara ya pili niliubana ukingo kwa vibanio vya nguo pande zote, nikaukagua kila baada ya nusu saa. Anayeagiza sponji mbili aagize tatu.

Zilipokauka, nilizipima tena zikiwa huru: kushoto hezi 21, kulia hezi 20. Kabla ya kuzirudisha niligusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja kwenye vituo vya kila besi, chanya kwa chanya, nikahakikisha kwamba koni zote mbili zinaruka mbele, kwa maana moja ikienda mbele na nyingine nyuma, besi hufutana na utabaki ukilaumu sponji. Jaribio hilo lisifanywe kwa kuba. Tena lisichukuliwe kuwa sheria ya spika zote: yuniti za kampuni ya JBL za miaka hiyo zilikuwa na desturi ya kinyume, chanya ikigusa chanya koni hurudi nyuma, na wapo waliozibadilisha nyaya zao wakidhani wamegundua kosa la kiwanda. Mwisho kabisa nilizungushia pati laini kwenye mdomo wa tundu, nikaikaza besi mahali pake, nikarudia jaribio la vidole. Koni zote mbili zilipanda polepole. Nilikaa sakafuni nikilirudia jaribio hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sasa sauti. Jambo la kwanza ambalo msikilizaji aliyezoea spika mpya ndogo atalitambua ni kwamba besi haijitangazi. Kwa dakika kumi za kwanza anaweza kudhani haipo. Kisha rekodi inafika mahali ambapo besi kubwa la mbao linashuka hadi uzi wake wa chini, na noti hiyo inakuja na umbo lake lote: kidole kikigusa uzi, mbao zikijaa, sauti ikikatwa mpigaji alipoizuia kwa kiganja. Hakuna mkia unaobaki ukivuma baada ya noti kwisha. Spika nyingi za leo zina tundu linalosaidia besi, na chini ya noti ambayo tundu hilo limewekewa, sauti huporomoka kwa takribani desibeli 24 kwa kila okteva; kasha lililofungwa kama hili huanza kupungua mapema kidogo lakini kwa desibeli 12 tu, hivyo zile noti za chini kabisa za kinanda cha bomba bado zinasikika, kwa unyonge lakini kwa sura yao. Kwa upande huu AR-3a hazijanipa sababu hata moja ya kuwatetea wazee kwa huruma. Besi yake ni nzuri kwa kipimo cha leo.

Sauti za kati ni tulivu na pana. Ukihama kutoka katikati ya kochi hadi pembeni, sauti ya mwimbaji haibadiliki rangi, na hilo ni tunda la kuba ndogo ambayo humwaga sauti kila upande. Udi na fidla vinasikika kama vyombo vya mbao. Hata hivyo kuna ukungu fulani. Maneno ya mwimbaji anayenong'ona, au pumzi kabla ya ubeti, huwa nyuma kidogo kuliko ninavyoyasikia kwenye spika za kisasa za ukubwa wa wastani, na matoazi hayana ile ncha ya kung'aa. Sehemu ya hali hiyo ndiyo nia ya wabunifu, waliotaka sauti ya kiti cha katikati ya ukumbi badala ya kile cha mbele. Sehemu nyingine ni uzee, na hapo ndipo siki na kapasita haviwezi kufika: vishikizo laini vinavyoishikilia kuba ya twita hukakamaa kwa miaka, na kuba iliyokakamaa husogea kwa uchache zaidi. Nyumbani kwangu vitufe vya sauti za juu viko mwisho au karibu na mwisho, na msikilizaji mwenye kupenda sauti inayometameta asinunue spika hizi akitegemea kwamba ukarabati utazigeuza.

Zinataka pia amplifaya yenye mbavu. Hazina uwezo mkubwa wa kugeuza umeme kuwa sauti, na kiwanda kilipendekeza angalau wati 25 kwa kila upande, kiwango ambacho wakati huo hakikuwa kidogo. Lakini wati peke yake hazitoshi, kwa sababu mzigo wa omu 4 hudai mkondo mkubwa. Amplifaya yangu ya zamani, iliyoandikwa omu 8 nyuma, ilistahimili nusu saa, ikachemka na kujizima. Niliyonayo sasa imetengenezwa kwa ajili ya mzigo huo na haipati joto la maana. Kuhusu mahali pa kuziweka, nilizijaribu kwanza kwenye stendi katikati ya chumba, kama inavyopendekezwa kwa spika za leo, zikasikika nyembamba. Nilipozisogeza zikaegemea ukuta, juu ya meza fupi imara, besi ikajaa na sauti za kati zikapata miguu.

Kwa jumla ya fedha na jioni zilizotumika, ningezinunua tena, lakini kwa jicho jingine: ningelipa zaidi kwa jozi yenye makasha yaliyokwaruzwa na sponji iliyokwisha kabisa, ilimradi kuba zote nne ziwe za asili na zinaimba kwa nguvu sawa, na ningeiacha ile yenye mbao za kioo ambayo mtu ameshaitengeneza kwa vifaa alivyookota. Sponji ya zamani iliyooza angalau inakuambia ukweli.

Twita ya kulia haikupona yote. Baada ya kitufe kipya na kapasita mpya imetoka kwenye mnong'ono, lakini bado iko chini ya mwenzake kwa kiasi ambacho mgeni hakisikii nami siachi kukisikia. Twita nyingine ya asili niliyoipata ilikuwa imekakamaa kuliko hii. Kwa hiyo kitufe cha kushoto nimekishusha kutoka mwisho wake hadi mahali ambapo pande mbili zinalingana, nikaweka alama ndogo ya penseli nyuma ya kasha, na mwimbaji sasa anasimama katikati.